Bomba la Kupandia

Korogwe, 3 Machi 2025

Mama mpenzi, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia kwa furaha! Lile bomba lako la kupandia mahindi bila kuinama limepita mchujo wa wabunifu. Mwezi ujao nalipeleka Tanga mbele ya majaji, na likishinda linakwenda taifa kwa jina lako! Ombi moja tu: usimwonyeshe mtu. Wataiga, kisha watasema ni lao.

Mwanao,
Isihaka

Misima, 8 Machi 2025

Marahaba mwanangu. Mgongo haujambo, siku hizi siukandi. Nimesoma barua yako nikapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Ila umechelewa, baba. Juzi ilikuwa zamu ya kulimiana shambani kwangu. Wanawake kumi na wawili wameinama, mimi nimesimama wima kama askari! Ningewaficha vipi? Sasa kila nyumba wanakata bomba. Jirani yetu Maryamu ameshatoa mpira wa kandambili unaoachia mbegu kule chini, ameweka wa tyubu ya baiskeli. Eti wangu unanasa mbegu zikiwa na unyevu. Mjeuri yule!

Mama yako,
Mwantumu

Tanga, 15 Aprili 2025

Mama, shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu. Nilikasirika, nikaona umegawa bahati yetu bure. Leo nimeaibika. Jaji mmoja, mama mkali, ameloweka mbegu akazitia. Bomba likanasa. Nimelitikisa, nimeligonga gotini, wapi! Akaniuliza, "Nani mwingine analitumia, na amebadilisha nini?" Nikakumbuka barua yako, nikataja tyubu. Akavua miwani. "Hilo ndilo nataka kuliona. Nakupa mpaka keshokutwa."

Simu yako haipatikani, nampa konda wa basi barua hii. Nitumie bomba la Maryamu, mama, nakuomba!

Mwanao,
Isihaka

Misima, 16 Aprili 2025

Marahaba mwanangu. Pole kwa aibu. Nimecheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Kumbe kazi yetu inatakiwa hivyo! Bomba hilo linakuja. Juzi limepanda ekari nzima kwenye matope bila kunasa. Kwenye fomu, jina langu lisogeze, jingine lipate nafasi. Tena haliji peke yake, maana bomba halijui kujibu maswali.

Huyu aliyekukabidhi barua ndiye Maryamu. Hajawahi kufika Tanga. Mpokee mzigo, mpe chai, kisha wewe kaa pembeni, azungumze yeye.

Mama yako,
Mwantumu