Kivimbe Ulichokata kwa Kisu

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa, nakusalimia kutoka Nyamityobora, fasi mvua imenifungia kwa fundi wa redio.

Nilimwuliza juu ya kile kivimbe cheusi cha waya wa kuchajia kompyuta, ulichokata ukisema kinatusikiliza. Akacheka. "Nyabo, mama, hiyo haisikii mtu. Ni unga wa udongo na chuma, inakula mawimbi ya redio. Jeshi inapaka unga kama huo kwa ndege, rada isione."

Rada! Nikasogeza kiti nyuma. Kitu cha ndege za vita kinatafuta nini kwetu Juru, mezani petu?

Fundi akawasha redio karibu na waya wenye kivimbe: sauti safi. Akachomeka usio nacho: khrrr! Yaya, ni ule mkwaruzo wa redio yetu, tuliodhani ni wapelelezi, tukaanza kunong'ona nyumbani. Kumbe ulianza baada ya kisu chako.

Nimenunua kivimbe kingine. Huyo fundi bado simwamini, anajua mambo mingi mno ya jeshi. Lakini tukikifunga na mkwaruzo ukaisha, ucheke kwa nguvu kama zamani. Atakayekusikiliza ni mimi tu, ninayekupenda.

Mdogo wako, Neema