Baba na Manger

Jumanne, 4 Machi
Baba kakataa tena chakula. Mdomo kaufunga ndi! Tangu apatwe na kiharusi hajatamka neno — yeye, aliyefundisha Kifaransa mpaka wanafunzi wakambandika jina, “Kilatini”, maana kila neno lazima akupeleke kwanza kwa Walatini. Muuguzi kasema kumeza anaweza, ila kutafuna hataki. Asipoanza kufikia Jumatatu, watamwekea mpira wa kulishia puani. Naogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempondea viazi. Kavitema — kwenye gauni la mteja nililokuwa napinda! Shangazi kaanza kumbembeleza, kula kaka yangu, kidogo tu, kama anamlisha mtoto mchanga. Baba kamtolea jicho! Nimecheka, kisha nikaenda kulia jikoni.

Zamani tulivyoteseka mezani! Hakuna kugusa kijiko mpaka mtu aseme manger, kula, lilitoka wapi. Kilatini, manducare, kutafuna. Kila siku hilo hilo, na matumbo yananguruma. Darasani alikuwa na mtindo wake: anakosea makusudi, halafu anangoja nani atashindwa kuvumilia, amsahihishe.

Ijumaa, 7 Machi
Patupu. Uji kidogo, na huo kwa vita.

Jumapili, 9 Machi
Leo nimemfanyia hila. Nimeketi mbele yake na boga la kuchemsha, nikamwambia shangazi kwa sauti kwamba manger limetoka kwa Wagiriki, maana yake kumeza. Shangazi, ambaye hajui hata bonjour, kaitikia: ee, Wagiriki hao hao! Macho ya baba yakawaka. Nikaongeza chumvi — Wagiriki wenyewe hawakuwa na meno!

Mkono wake usiopooza ukapiga meza. Mdomo ukahangaika, ukapinda. “La... ti...”

Baba! Shangazi nusura aangushe bakuli. Mimi nimejikaza: kumbe Kilatini? Maana yake nini basi? Nionyeshe, mwalimu.

Kanitazama kama mbumbumbu wa darasa. Kafungua mdomo, nikamtia kipande cha boga. Taya likaenda, polepole, upande mmoja — halafu likasimama. Ananingoja! Nikasema manducare, kutafuna. Ndipo akaendelea, akameza. Moyo wangu jamani!

Naandika hapa hapa mezani. Anagonga tena, kanyoosha kidole kwenye kikombe cha maji. Boire, kunywa — lilitoka wapi? Hilo sikulishika! Na hataki kunywa mpaka nijibu. Shangazi kakimbilia kabati la vitabu, baba anagonga, anagonga —