Mama Mkwe Yuko Edinburgh

Alhamisi, 30 Septemba 1954. Glasgow.

Nimefua soksi, nimezianika juu ya bomba la kupashia chumba joto. Mhadhara wa leo kuhusu malezi ya watoto umenipita wote. Akili yangu iko kwa Mama Tamari.

Ameniandikia niende Jumamosi na Jumapili anitembeze Edinburgh. Mwalimu kama mimi asirudi kwao bila kuiona ile ngome, anasema. Yeye ni Mskoti, muuguzi wa misheni. Alifanya kazi miaka mingi ng'ambo ya mpaka wetu, upande wa Rhodesia ya Kaskazini. Tamari alifiwa na mama siku aliyozaliwa, na huyu ndiye aliyemlea, mpaka maradhi yalipomrudisha Ulaya. Kutoka Tunduma hadi Isongole ukimtaja Mama Tamari, watu wanajua ni yeye. Mimi sijawahi kumwona. Wajomba wa Tamari wamepokea posa yangu, lakini neno la mwisho wamemwachia mama aliyemlea. Akikataa, hakuna ndoa. Naogopa.

Ijumaa, 1 Oktoba.

Festo amenicheka mpaka akakohoa. Huyu ni mwenzangu wa chumbani, Mhaya, huu mwaka wake wa tatu huku. Tutakwenda wote, ana rafiki wa kutulaza. Nimemweleza kwamba kwetu Wanamwanga, kuanzia posa, mama mkwe hatazamwi usoni. Ukikutana naye njiani unaingia kichakani mpaka apite. Huli mbele yake mpaka wakubwa wakufungulie mwiko huo, tena baada ya ndoa. Sasa nitatembezwaje mji mzima na mtu nisiyeruhusiwa kumtazama?

"Huyo Mzungu, bwana," kasema Festo. "Mkwe gani?"

Labda. Lakini wajomba wanamwita mama. Nitafanya ya kwetu.

Jumamosi, 2 Oktoba. Edinburgh.

Alitupokea stesheni. Mwanamke mfupi, koti la kijani. Zaidi ya hapo sijui, nilishainamisha macho. Akanisalimia kwa Kinamwanga cha wazee, kile ambacho vijana wa Tunduma tumeshakivuruga kwa Kibemba. Nilijibu nikitazama viatu vyake.

Mji ni wa mawe, umeiva weusi kwa moshi. Ngome iko juu ya mwamba, na barabara moja ndefu inateremka kutoka hapo hadi jumba la wafalme wa zamani. Nimeuona vipande vipande, maana muda wote nilikuwa ng'ambo ya pili ya barabara. Mama Tamari mbele, Festo katikati ananipigia kelele anayoambiwa: hapa waliwanyonga wezi, pale aliishi mhubiri mkali. Watu wanageuka. Ngome nimeiona vizuri, haina mkwe.

Kisha balaa. Tuliingia uchochoro mwembamba kati ya nyumba ndefu, nikabaki nyuma. Mama Tamari akarudi kunitafuta. Uso kwa uso. Kichaka hakuna. Nikageukia ukuta, nikaubandika uso kwenye mawe yaliyolowa mpaka akapita. Mzee mmoja na mbwa wake walisimama kunitazama. Aibu.

Kwake, ghorofa ya juu, kulikuwa na chai. Sikuingia, nilisingizia tumbo, nikasubiri mtaani. Festo amekula keki na sehemu yangu. Anasema mama wa watu alikaa akitazama dirishani, macho yamelowa.

"Umemuumiza. Huku ukikaribishwa unakaa, unakula, unamtazama mtu usoni. Kesho ukirudia upuuzi wako, umekwisha."

Nimemwamini. Tamari ataolewa na mwingine kwa sababu ya heshima yangu. Sina usingizi.

Jumapili, 3 Oktoba.

Kanisani nimekaa naye benchi moja. Halafu mezani kwake: nyama ya kondoo, viazi, mchuzi mzito. Nilikula. Nilimtazama usoni, ana macho ya kijivu, nikamwambia nyama ni tamu. Moyoni najipongeza kwamba nimeokoa mambo.

Akaweka uma chini. Aliongea polepole, kwa lugha ya kwetu.

"Jana ulipoficha uso ukutani, nilijua Tamari ni mwanangu kweli. Nilikuja mpaka nyumbani nikilia kwa furaha. Leo umekula na mwanamke wa Kizungu tu."

Akaenda jikoni, akafungua bomba la maji. Hakurudi. Tulitoka wenyewe.

Namchukia Festo. Najichukia zaidi. Yeye amerudi na treni ya jioni, mimi nimebaki kwa rafiki yake. Kwetu mkwe akikosewa hupelekewa jembe. Lakini ni Jumapili, Sabato ya Waskoti, maduka yote yamefungwa, mji mzima kimya. Nimezunguka mitaa nikitazama vioo vya madirisha. Naweza kumpoteza Tamari kwa sahani moja ya viazi.

Jumatatu, 4 Oktoba.

Nimekosa masomo. Potelea mbali.

Nimekuwa mtu wa kwanza kwenye duka la vyuma. Majembe yao ni membamba, ya kupalilia maua. Muuzaji akauliza bustani yangu ina ukubwa gani. Nikamwambia ni la mkwe. Akalifunga kwa karatasi bila swali lingine.

Nilipanda ngazi, nikaliegemeza mlangoni, nikabisha. "Odi." Nikashuka hadi kwenye kona ya ngazi, nikageuza mgongo.

Mlango ukafunguka. Nilisikia karatasi inachanwa. Kisha mlango ukafungwa, na sikuthubutu kugeuka kuona kama jembe limeingia au limeachwa. Nilikaa kwenye ngazi. Mawe ya baridi. Sikuweza kuondoka.

Baadaye mlango ukafunguka tena. Kitu kikawekwa sakafuni, na sauti yake ikaja kwa Kinamwanga.

"Mwambie Tamari msifunge ndoa wakati wa masika. Barabara ya Tunduma itanikwamisha."

Mlango ukafungwa. Nikapanda. Jembe halikuwepo. Palikuwa na sahani iliyofunikwa: kondoo wa jana, na uji wa shayiri aliousonga mpaka ukashikana kama ugali.

Jirani alikuwa akipanda na kikapu chake. Akanikuta nimeketi pale, chakula magotini. Akaniuliza kwa huruma kama nimefungiwa nje. Nikamwambia hapana, mama mkwe wangu yuko ndani. Nimekula chote, mgongo nimeuelekeza mlangoni.