Mzee Bhanwar Hakuwa na Kiu

Gaithersburg, Maryland
Tarehe 9 Septemba

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima nyingi. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, na lile goti limetulia. Mimi ni mzima wa mwili. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwa simu ungenikatiza, halafu kaka Simiyu angekupokonya, na jambo hili nataka ulisikie lote. Ni ile safari yako ya kuja kuishi nami, na ile karatasi ya kukodisha shamba kwa watu wa miwa ambayo Simiyu amekuletea. Usitie sahihi kabla hujamaliza kusoma.

Unajua namtunza mzee Mhindi, Mzee Bhanwar. Namwogesha, namlisha, namtembeza. Ametoka kijiji kidogo cha wakulima huko Rajasthan. Mwanawe Devendra, mtu wa kompyuta, ndiye hunisimulia, maana mzee hajui Kiingereza. Mama, ni kama kwetu kabisa. Mvua ikinyesha wanapanda uwele, wakati wa baridi haradali. Asubuhi kila mtu hupeleka maziwa njia panda yakapimwe, ila wao wanakama nyati. Usicheke, nyati wa kufugwa wapo. Zamani walikuwa na pampu moja ya mkono mbele ya hekalu, shule iliishia darasa la tano, na muuguzi alikuja Jumanne tu. Siku hizi wana lami, wana bomba hadi uani, na umeme, ingawa hukatika nusu ya siku. Vijana ndio hawapo. Wamekwenda mijini kujenga nyumba za watu.

Devendra alimleta hapa miaka minne iliyopita, mke wa mzee alipofariki. Alimleta kwa mapenzi, hilo silikatai. Chumba kina joto, dawa zipo, televisheni ya kwao ipo. Mwezi wa tano mzee alichimba nyasi za mbele kwa kijiko cha supu, akapanda uwele. Ukaota vizuri tu. Chama cha wenye nyumba wa mtaa huu kikaandika barua kwamba mbele ya nyumba ni nyasi tu, ukang'olewa, na tangu hapo mzee hajashika udongo.

Sasa sikia ujinga wangu. Kila alasiri mzee alikuwa akiita, “Maji! Maji!” Nikafurahi, nikadhani ameokota Kiswahili changu. Nampelekea glasi, ananitazama, anakunywa kwa adabu. Miezi mitatu, mama! Nimemnywesha hadi nikawa namkimbiza msalani kutwa. Wiki iliyopita Devendra alirudi mapema akanikuta na glasi mkononi.

“Hana kiu,” akaniambia. “Kwa lugha yetu, Maji ni mama. Anamwita mama yake.”

Nasi kwetu mama si ni mayi? Niliona haya hata nikaketi. Nikamuuliza kwa nini asimrudishe kijijini, hata kwa msimu mmoja wa kupanda. Akajibu kwamba nyumba na shamba waliviuza mwaka ule ule, ili mzee asiwe na wasiwasi wa huko nyuma. Alisema hivyo huku anafuta miwani.

Mama, nina la kuungama. Nilikuambia ukija tutashinda pamoja. Nilikudanganya. Natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi jioni. Nilishampata mama mmoja, Lorraine, wa kushinda nawe. Ni mwema, lakini hajui hata neno moja la lugha yako. Yaani nilitaka kukufanya Mzee Bhanwar wa pili. Wala haikuwa kwa ajili ya raha yako. Nilichoka kufungua mlango wa nyumba isiyo na mtu. Nisamehe.

Kwa hiyo usiende Nairobi kwenye mahojiano ya viza. Karatasi ya Simiyu mrudishie bila sahihi, na akinuna mwambie ni mimi nimesema. Nimemwarifu Devendra kwamba naacha kazi mwisho wa Novemba, amtafutie mzee mtu anayejua lugha yake, naye amekubali. Kazi hii nitaifanya huko huko. Hata hapo kwetu Kimilili wapo wazee wasio na wa kuwaangalia. Wenzangu wa kanisani wanasema nimerukwa na akili. Waache waseme.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na Simiyu umwambie sina kinyongo naye. Nitafika tarehe nne Desemba. Tiketi nimekata ya kuja tu. Ya kurudi sikukata.

Ni mimi mwanao,
Bilha