Blanketi la Mama Kwenye Kabati la Kioo

Mdogo wangu Lavonne,

Najua hukutarajia kuuona mwandiko wangu. Mimi mzima. Mume wangu Verlyn naye mzima, kwa bahati mbaya. Tangu astaafu kuuza matrekta amejigeuza profesa, ananiburura Nebraska nzima kutazama plau zenye kutu na vibanda vya udongo. Kila makumbusho anawasahihisha wenyeji, nao wanamvumilia kama nzi wa kiangazi.

Jana tuliingia makumbusho madogo karibu na mji wa Broken Bow. Ndani ya kabati la kioo nikaliona blanketi la viraka la mama, lile lililotoweka siku ya mazishi yake, ukaninunia miaka yote hii ukidhani nimelificha mimi. Kibao kilisema limeshonwa na bibi yake Verlyn, mwanamke ambaye hata kifungo hakuwahi kukishona.

"Ulilichukua wewe?" nikamuuliza.

"Usianze mbele za watu, Arlene," akasema. "Lingeliwa na nondo. Hapa angalau lina heshima."

"Na jina la bibi yako limefuata nini?"

"Walitaka familia inayojulikana."

Nikamweleza msimamizi kila kitu, Verlyn akisikia. Alipoulizwa, akakiri. Msimamizi akakiondoa kibao papo hapo. Blanketi nimeliacha kwake mpaka tuamue sisi wawili. Nikachukua funguo za gari, nikamwacha mume wangu pale mlangoni.

Sasa niko motelini, Kearney. Kesho naja kwako Omaha. Ukitaka kunifungia mlango, nifungie nikiwa nimesimama mbele yako.

Dada yako,
Arlene