Betri Iko Ng'ambo ya Michongoma

Jumatatu, 3 Machi

Mume wangu ametoa hukumu wakati wa chai. Michongoma ya mpakani isipokatwa kufikia Jumamosi, fundi wa ukuta anakuja kung'oa yote na kupanga matofali. Eti amechoka kuchomoa miiba kwenye matairi. Nikamwambia akate yeye. Akashika kiuno. Kiuno hicho hakijawahi kuuma siku ya mpira!

Kibarua sitaki. Wa mwisho aliiacha na mapengo kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa huku analia. Mikasi mikubwa daktari amenikataza — kifundo cha mkono. Miaka yote ya kusuka watu imekuja kudai chake. Basi kesho dukani, nitafute mashine ya betri.

Ukuta hapana. Upande wa pili anakaa jirani yangu, Sindano. Hatusemezani tangu mvua za mwaka jana, lakini kununiana ni kitu kimoja na ukuta ni kitu kingine.

Jumanne, 4 Machi

Duka la vifaa. Nimeanza na mashine ya petroli. Nimeinyanyua, mkono ukapiga kelele kabla ya mashine. Muuzaji akacheka: hiyo ya wenye mashamba, mama. Kazi ndogo ndogo za nyumbani, betri inatosha.

Akapanga tatu mezani. Ya kwanza ina meno marefu mno, pua yote inaanguka mbele. Ya pili ndogo, ya kupunguzia nyasi za pembeni tu. Ya tatu, ya kijani — hapo! Nimeiinua kama ninavyoinua draya ya nywele juu ya mteja, nikasimama hivyo hivyo, watu wakinizunguka. Mkono haukulalamika. Muuzaji akachomeka betri, ikaimba. Nimeipenda.

Akataka kunieleza mambo ya betri. Nikamkatiza: mwanangu, mimi nimeshika mashine za kunyolea hujaota meno, betri usinifundishe. Akafunga boksi. Nimerudi nyumbani kwa madaha.

Jioni. Nimefungua boksi. Mashine za saluni betri ziko tumboni, unachomeka waya, basi. Hii haina waya. Haina betri. Nyuma ina shimo tu, kama pengo la jino! Ile iliyoimba dukani ilikuwa betri ya duka.

Mume wangu ameuliza mashine iko wapi. Nimesema inapumzika.

Jumatano, 5 Machi

Nimepiga simu dukani. Muuzaji, kwa adabu inayoudhi: betri na chaja vinauzwa peke yake, ndicho nilichotaka kukueleza jana, mama. Za kijani zimekwisha. Mzigo mwezi ujao.

Nimekwenda kwa seremala na mashine kwapani. Betri ya drili yake ni ya bluu. Tumesukuma, tumegeuza, haiingii. Akasema kila kampuni na mlango wake. Tena alicheka, mbele ya wateja!

Narudi, nasikia vuuuu. Sindano anapuliza majani uani kwake. Nimechungulia kwenye tundu la michongoma. Kipulizio cha kijani. Kijani kile kile! Na betri kubwa mgongoni mwa hicho kipulizio.

Katika watu wote wa mtaa huu, yeye.

Niandike yaliyotokea, angalau hapa. Sindano ni nesi mstaafu, mtaa mzima kaudunga, ndiyo maana ya jina. Kila asubuhi tulikuwa tunapiga soga juu ya michongoma hii, mimi na kikombe changu, yeye na chake. Kisha miiba ikachana shuka lake kwenye kamba. Akasema dukani kwa watu: msusi gani huyu, michongoma yake haijui kitana? Maneno yakanifikia kabla ya mkate nilioagiza. Nikajibu kuwa shuka lenyewe ni la wodini. Toka siku hiyo, kimya. Na michongoma ikarefuka, hata kichwa chake sikioni tena.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefika hadi getini kwake. Nimerudi. Hana hata mbwa wa kusingizia.

Ijumaa, 7 Machi

Mume wangu anapima uani kwa futikamba, anapiga mluzi. Fundi kathibitisha kesho asubuhi. Nimelia jikoni, nikasingizia kitunguu. Hakukuwa na kitunguu. Namkumbuka sana yule mwanamke, basi, nimeandika.

Nikaenda kwake. Hodi. Akauliza nani, na huku ananiona!

"Naomba kuazima betri, dada."

"Ukate nini?"

"Michongoma."

"Mvua ngapi zimepita!" Akanitazama kifundo, si usoni. "Mkono umeuonesha daktari?"

Nimesema ndiyo. Akaleta betri, kaifuta kwa kitambaa. Masharti: chaja haitoki barazani kwake. "Ikiisha, mdogo wangu, unaileta mwenyewe. Usitume mtu."

Mdogo wangu! Nilikuwa nusu ya njia ndipo nikagundua natabasamu peke yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeanza mapema. Raha! Juu nimenyoosha, pembeni nimepunguza kidogo kidogo, kama nakata nywele za bi harusi. Nimefika katikati — kimya. Imekufa. Kumbe alikuwa kashapulizia majani yake jana.

Nimeipeleka. Akaichomeka kwenye chaja, akaleta chai. Tumeongelea magoti yake, mkono wangu, waume. Shuka limeanikwa pale pale, lina kiraka. Tumelitazama wote wawili. Mwishowe akauliza polepole: "Lakini kuwa ni la wodini wewe ulijuaje?"

Chai imenitoka puani! Tumecheka mpaka akashika ubavu.

Nikainama kuangalia chaja. Hakuna taa. Nikafuata waya hadi ukutani. Swichi haijawashwa. Mtu aliyefanya kazi ya unesi maisha yake yote hasahau swichi. Nikaiacha hivyo hivyo. Nimeaga, eti nafuata miwani.

Sasa niko mezani jikoni, naandika haraka. Fundi kafika, na toroli, na sururu mbili. Nusu ya michongoma imependeza, nusu iko kama kichwa cha mtu aliyetoka kitandani. Mume wangu anataka kujua betri imejaa au la. Nimesema bado. Ameuliza itajaa lini. Nimesema mambo ya betri ni magumu, asinifundishe.

Hajaridhika. Anavaa viatu, anakwenda kuiona chaja kwa macho yake! Nimepiga kelele dirishani, "Dada, anakuja huko!" Kichwa cha Sindano nakiona vizuri juu ya ile nusu niliyokata. Nilidhani atakimbilia swichi. Anatoa kikombe cha tatu, cha mume wangu —