Mbegu Zako Nilizozitundika Juu ya Gesi

Mama Leonia wangu,

Kabla hujayasikia kwa mtu mwingine huko uliko, bora nikwambie mwenyewe: mbegu zako za maboga nimeziharibu. Sikuzila, sikuzigawa. Nimeziharibu nikidhani nazitunza.

Unakumbuka ulivyokuwa unanichosha na mbegu hizo! Kila mvua zikianza unapanda nusu, nusu unairudisha kwenye kibuyu chenye majivu, unaziba mdomo kwa mavi ya ng'ombe, unakitundika juu ya mafiga. Mimi nasimama mlangoni nakupigia kelele: "Mwanamke, bustani yote hii ina nafasi, panda zote!" Hata kugeuka hugeuki, unanijibu tu: "Mvua ikikatika tutapanda maneno yako?"

Na ile kawaida yako ya kufunga mbegu kumi kwenye kitambaa kibichi kabla ya msimu. Nilikuwa nakutania, "Umewalaza watoto?" Ukasema, "Naziuliza kama ziko hai." Siku moja uliniita nije nione unavyokiziba kibuyu. Nikakujibu hayo ni mambo ya jikoni, nikaenda zangu kilabuni. Hilo jibu linaniuma hadi leo, nakwambia kweli.

Ulipotutoka, lile jiko la kuni la uani nililibomoa. Majirani hapa Kizwite walidhani natafuta nafasi ya banda la kuku. Wapi! Nilikuwa siwezi kuliangalia. Lakini kibuyu chako sikukitupa. Nilikihamishia ndani, nikapigilia msumari juu ya jiko la gesi, nikakitundika, nikajisifu kabisa: mke wangu aliweka mbegu juu ya moto, na mimi nimeziweka juu ya moto. Mzee mzima! Gesi ina moshi gani wa kuzikausha? Miezi yote hiyo kilichokuwa kinakifikia kibuyu ni mvuke wa maharage.

Sasa sikia. Mwanao Leonia akapiga simu kutoka kwa mumewe, kule kijijini Msanzi. Sauti ilikuwa chini. "Shikamoo baba. Mvua zimekatika huku. Mbegu zote alizonipa mama siku ya harusi nilizipanda, zimekauka zikiwa na majani mawili. Zile zilizobaki kwako zipo?"

"Zipo, mwanangu. Zipo kabisa."

Nilisema hivyo bila hata kuinua macho kwenye kibuyu. Akasema atakuja Jumamosi ya wiki inayofuata.

Nilipokizibua, nilijua kwa harufu tu. Majivu yalikuwa yameshikana, yana ukungu. Mbegu nyingine zilimong'onyoka vidoleni. Nilichambua mezani mpaka mgongo ukaniuma, nikapata kumi zenye sura ya mbegu. Kumi, Mama Leonia. Ni zile zile ulizokuja nazo kwetu umezifunga kwenye pindo la kitenge, na sasa hakuna nyingine popote, maana majirani wote siku hizi wanapanda za pakiti.

Nikazifunga kwenye kitambaa kibichi kama wewe. Siku ya tatu, kimya. Siku ya tano, kimya. Nilikuwa nakifungua kile kitambaa mara nne kwa siku. Siku ya saba mbili zikatoa mzizi. Zile nane zikaoza.

Hapo shetani akanipata. Ijumaa nilikwenda duka la pembejeo nikanunua pakiti ya mbegu za maboga, nikasema nizichanganye na majivu mapya, Leonia atajuaje? Kumbe zimepakwa dawa, pinki inayong'aa! Nikaziloweka kwenye beseni, nikazisugua na sabuni moja moja, nikiangalia mlango kama mwizi. Nikazianika, nikazitia kibuyuni, nikakiziba. Nilikiziba vizuri sana, safari hii.

Jumamosi akaja. Akapiga goti kunisalimia, akanishika mkono, hakuuachia.

"Baba, hivi vidole vimefanyaje?"

"Rangi tu."

"Rangi ya nini?"

Nilijaribu kuuvuta mkono. Mwisho nikamweleza yote, gesi, ukungu, pakiti. Nilitegemea atapiga kelele kama wewe. Hakupiga. Aliniuliza taratibu tu: "Kwa hiyo ungeniacha nizipande hizo, siku mwanangu akiolewa nimfungie kwenye kitenge, nimwambie ni za bibi yake?"

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Nimewahi kuona aibu, lakini siyo ya namna ile, tena mbele ya mtoto niliyemzaa.

Akaondoka na mbegu moja iliyoota, ameiweka kwenye kopo lenye udongo, amelipakata kwenye basi kama mtoto. Ya pili akaniachia. "Hii ni yako, baba. Ikifa, usiniambie ipo."

Niliipanda karibu na ukuta wa uani. Nimeizungushia miiba kwa ajili ya kuku. Asubuhi siwezi kunywa chai kabla sijaiona. Mimi, niliyesema bustani ya mboga si kazi ya mwanaume, napalilia mche mmoja kwa kijiko.

Juzi mchana ikanyesha mvua ya mawe, ile yetu ya Ufipa isiyo na salamu. Niliposikia bati linalia nilitoka na beseni. Nilitaka nijifunike nalo kichwa mpaka nifike pale, lakini nilipoufikia mche nililifunika juu yake, nikachuchumaa kulikandamiza upepo usilichukue. Mawe yakanipiga kichwani na mgongoni. Siku ya kukuzika sikulia, watu walinisifu kwamba nimejikaza. Pale uani nililia kwa sauti, nikiita jina lako, mikono yote miwili juu ya beseni.

Pumzika, mama. Jani la tatu limetoka leo.

Mumeo,
Baba Leonia